Mzee wa Vichwa vya Samaki

Harufu yake ilifika kabla yake. Mlango wa chini wa jengo letu pale Merrylands ukifunguliwa Jumamosi jioni, sisi wa ghorofa ya pili tulijua bila kuchungulia kwamba Mzee amerudi na eski imejaa. Eski ni lile kasha la barafu ambalo kila nyumba ya hapa Sydney inalo, la kupozea bia na soda za pikiniki. La Mzee halikuwahi kuiona bia. Lilikuwa la vichwa vya samaki.

Alifanya kazi kwenye boti ya kukodisha, zile zinazochukua watu wanaolipa ili wakavue kwa kujifurahisha. Kazi yake ilikuwa kukata chambo, kufungua mishipi iliyojisokota, kuwashikia ndoo wanaotapika, na mwisho wa safari kuwapasulia wateja samaki wao. Sasa wateja wale walitaka minofu tu. Kichwa kizima, na mashavu yake na ile nyama tamu ya shingoni, kilirushwa majini na shakwe wakakigombania. Siku ya kwanza Mzee kuliona jambo hilo, alisema, alikaribia kulia. Akamfuata kapteni, Mzungu mmoja mwenye pua iliyobabuka kwa jua, akamwomba. Kapteni akacheka akamwambia chukua vyote, hata matumbo ukitaka.

Tangu hapo hatukununua samaki. Mzee alikuwa na utaratibu wake wa kugawa, na hakuujadili na mtu. Mwanamke aliyejifungua alipata kichwa cha kwanza, kwa ajili ya mchuzi. Aliyeumwa alipata cha pili. Lakini nyumba ikifiwa, wengine wote tulisahauliwa: eski nzima ilikwenda matangani, na yeye akakaa huko huko jikoni na akina mama, mikono imejaa magamba, mpaka siku ya kuondoa matanga. Sikumbuki matanga ya Mkongo wala ya Mrundi upande wetu, kuanzia Merrylands mpaka Smithfield, yaliyopita bila vichwa vya Mzee. Mfiwa akishalia mpaka sauti imekauka, Mzee alikuja na sahani, akachuchumaa mbele yake, akasema, "Kula. Umelia vizuri, sasa kula." Na mtu alikula. Niliwaona watu waliokataa chakula cha ndugu zao wa damu wakipokea sahani ya Mzee.

Siku hizi flati yake wanakaa watu wengine, na ngazi zinanukia sabuni. Binti yake alimchukua akakae naye Brisbane. Mimi huwa nasimama pale chini kwenye mlango na mifuko yangu ya dukani, navuta pumzi, halafu najicheka mwenyewe. Miaka yote ile nilikuwa wa kwanza kulalamika.

Tuliishi ukuta kwa ukuta. Mimi ni Mrundi wa kambini, nimekulia Tanzania upande wa Kigoma. Yeye Mkongo wa Baraka, ng'ambo ya ziwa lile lile. Kwa hiyo utani ulikuwepo tangu siku ya kwanza.

"Mama Divine," aliniambia, "sisi tulikuwa tunavua, ninyi mulikuwa munangojea na sahani."

"Na sahani zenyewe mlikuwa mnanunua kwetu," nikamjibu.

Bahari hakuipenda hata kidogo. "Iyi ni ziwa," alisema, "lakini kuna mutu aliiharibu na chumvi." Alilisema kwa hasira kabisa, kana kwamba anamjua aliyetia hiyo chumvi na anakoishi. Jaketi la kuokolea alilivaa tangu gati mpaka gati, hata boti ikiwa imefungwa kamba. Lakini wateja wakimwuliza kama anaifurahia kazi, aliwajibu kwa Kiingereza chake kwamba bahari ndiyo maisha yake. Basi wanafurahi, wanampiga picha. Halafu anarudi nyumbani, anavua viatu mlangoni, ananiambia, "Leo nimedanganya tena Wazungu." Na huyo ni mzee wa kanisa, wa kukaa benchi la mbele.

Jambo lililomsumbua zaidi ni watu kuvua samaki, kupiga naye picha, kisha kumrudisha majini. Miezi ya kwanza alidhani ni wazimu wa mteja mmoja. Alipoona wapo wengi, alimwuliza kapteni kama hao watu wamekatazwa samaki na daktari. Mwisho alizoea, lakini kwa namna yake: kila samaki aliyeachiliwa, Mzee alimwinamia na kumwomba radhi kwa Kibembe, lugha ya kwao, kabla ya kumtumbukiza. Wateja wakadhani ni baraka ya Kiafrika. Wengine walirudi mwaka uliofuata wakimwuliza kapteni yule bwana wa kuombea samaki yuko wapi.

Na nyangumi je! Hiyo ndiyo habari iliyomfuata Mzee mpaka kanisani. Majira ya baridi nyangumi hupita hapa wakielekea kaskazini kwenye joto kuzaa, na kuanzia mwezi wa tisa wanarudi na watoto wao. Boti nyingi huacha uvuvi kwa muda zikapeleka watu kuwatazama. Mwaka wake wa kwanza, kapteni alimwambia wiki ijayo tunakwenda kwa nyangumi. Mzee wangu akarudi nyumbani, akagonga kila mlango wa jengo. Tuondoe kuku kwenye friza, tutafute nafasi, kuna nyama inakuja ambayo hatujapata kuiona! Mimi mwenyewe, haki ya Mungu, niliwapikia wanangu mapaja yote ya kuku yaliyokuwemo. Mchungaji alitoa friza ya kanisa. Jumamosi asubuhi Mzee akapanda boti na kisu kirefu kama mkono na magunia mawili.

Alirudi jioni na mabaki ya sandwichi.

"Wapi nyama?" tukauliza, tumejipanga ngazini na mabeseni.

Akaweka magunia chini. "Wanamuangalia," akasema.

"Wanamwangalia, halafu?"

"Halafu wanapiga kelele. Halafu tunarudi."

Tulicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alikuwa bado na mshangao. "Nyama ya kijiji kizima inaruka juu mbele yenu, watu wazima wanalia kama wameona Yesu, na hakuna hata mumoja anauliza sahani." Kuanzia siku hiyo nyangumi akaitwa nyama isiyolika, na Mzee alitaniwa friza mpaka alipohama.

Aliyemtania kuliko sisi wote alikuwa mke wake. Tulimwita Mama, basi, jengo zima, na Mzee naye alimwita Mama. Jina lake hasa sikulijua. Mwanamke mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili, na hakula samaki. Eh, mke wa mzee wa vichwa hakula samaki! Alimlazimisha mumewe avulie nguo za kazi kwenye baraza ndogo ya nyuma, hata Julai upepo unapokata ngozi, na sisi tulimsikia akimsimamia: "Na soksi! Soksi nazo!" Halafu dakika haipiti anamwita ndani chai inapoa.

Kila mwaka majira ya nyangumi yakianza Mzee alimwomba Mama aje naye siku moja tu, wafanyakazi wana nafasi ya bure kwa mtu wa nyumbani. Kila mwaka Mama alijibu vilevile, bila kuinua macho kwenye mboga zake. "Boti nilipanda mara moja. Ikanitosha." Ilikuwa boti ya kukimbia vita, kutoka Baraka kwenda ng'ambo. Hakueleza zaidi na Mzee hakumlazimisha, ila mwaka uliofuata alimwomba tena.

Sasa niseme jambo la kilio, maana bila hilo huyu mtu hataeleweka. Kwetu mtu akifa analiliwa kwa sauti. Watu wanapiga yowe, wanamwita marehemu, wanamwuliza ametuachia nani. Ukimlilia mtu kimya kimya ni kama humkumbuki. Miaka ya mwanzo, alifariki dada mmoja kwenye jengo letu, tukalia kama tunavyojua kulia. Haikupita saa, polisi wanne mlangoni, mikono kiunoni. Kuna jirani amepiga simu, amesikia watu wanauawa. Aliyetoka kuzungumza nao ni Mzee, na aproni yake na sahani mkononi. Sijui aliwaambiaje kwa Kiingereza kile, lakini walivua kofia, na mmoja aliondoka na kichwa cha samaki kwenye karatasi ya foili. Mzee alirudi ndani akatuambia tushushe sauti.

"Hapa kilio ni kesi," alisema.

Tangu siku ile tulilia tukiwa na mito mdomoni, au tulikwenda kukodi ukumbi. Mama ndiye aliyekasirika. Namkumbuka amesimama jikoni kwetu, anapunga mwiko. "Mimi nikikufa," akamwambia mumewe mbele yetu sote, "usinililie kwa mto. Unasikia wewe? Unipigie kelele, polisi waje, wakuje na gari zao zote!" Tukacheka. Mzee akasema, "Nitapiga, Mama. Nitapiga mpaka wanifunge."

Alimwahidi hivyo, na mimi nilikuwepo.

Halafu ikaja korona. Mara ya kwanza tulifungiwa, tukafunguliwa, tukadhani yameisha. Mara ya pili, ule mwaka wa 2021, ndipo tulipoona. Upande wetu wa magharibi ulibanwa kuliko kwingine: usiende zaidi ya kilomita tano, usitoke usiku, barakoa hata ukiwa barabarani peke yako. Askari jeshi walipita milangoni kuuliza kama tumo ndani. Helikopta ilizunguka juu, na watu waliotoka vitani kama sisi wakaanza tena kulala na viatu karibu. Mimi nilikuwa na ruhusa ya kwenda kazini, nawalea wazee kwenye nyumba yao kule Westmead. Mzee hakuwa nayo. Boti zote zilifungwa, na bahari iko mbali na Merrylands. Akawa anakaa kwenye baraza yake ya nyuma, ameikalia eski tupu, ananoa visu ambavyo havina cha kukata. Mama akamwambia kwa nguvu ili sote tusikie, "Miaka yote nakuomba usinuke, sasa hunuki, na nimekuchoka!"

Mama ndiye aliyeugua kwanza. Kikohozi, halafu homa, halafu gari la wagonjwa likasimama chini na watu waliovaa nguo za plastiki kuanzia kichwani. Aliteremka ngazi kwa miguu yake mwenyewe. Alinipungia mkono kwa kuwa nilikuwa nimefungua mlango kidogo, akasema, "Mama Divine, mwangalie asiingie na viatu." Hakurudi. Mzee naye alikuwa na ugonjwa, lakini mwepesi, kwa hiyo alifungiwa ndani wiki zile zote ambazo Mama alikuwa hospitali. Waliongea kwa simu mpaka Mama akashindwa kuongea. Muuguzi mmoja mwenye huruma alimshikia simu sikioni siku ya mwisho. Mzee aliniambia baadaye kwamba alisikia mashine tu.

Makaburini waliruhusiwa watu kumi. Binti yao alikuwa Brisbane, jimbo jingine, na mpaka wa majimbo umefungwa. Sisi tulizika kwa simu. Nilikaa kitandani na wanangu, simu imeegemea glasi, na humo kwenye kioo vichwa vya watu wote wa kanisa vimejaa kama stempu. Mtu alianza kulia, sauti zikagongana, zikapiga mwangwi mbaya, mchungaji hasikiki. Basi kijana wa mitambo akatuzima sauti sote kwa pamoja. Jamani! Nikawaona wenzangu midomo wazi, mikono kichwani, na hakuna hata mlio. Nami nikajiona kwenye kipande changu, nalia bila sauti kama samaki. Na katikati Mzee, amesimama kando ya shimo na barakoa yake ya bluu, mikono imeshikana nyuma, kimya. Ungedhani anasubiri basi.

Usiku ule niliweka sikio ukutani. Nilimngoja. Alikuwa ameahidi, na mimi nilikuwa tayari akianza nami nianze, polisi waje kama wanataka. Sikusikia kitu ila bomba la maji na helikopta.

Wiki ziliendelea vile. Nilimpikia maharage na ugali, naweka mlangoni, nagonga, narudi nyuma mpaka kwangu. Anafungua, tunatazamana juu ya barakoa. "Asante, Mama Divine." "Pole, Mzee." Mlango unafungwa. Mtu aliyeketi chini jikoni kwenye msiba wa kila mtu, msiba wake ukawa sahani kwenye zulia la korido. Niliona uchungu huo na mpaka leo haujanitoka.

Tulipofunguliwa, mwezi wa kumi, kanisa likataka kumfanyia matanga. Ukumbi ulikuwepo, chakula kingepikwa. Mchungaji akaja, mimi nikaja, tukakaa. Mzee alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Matanga iko ya moto," alisema. "Iyi yenu imelala kwa friji."

"Lakini Mzee, hujamlilia," nikamwambia. Sikuweza kujizuia.

"Najua."

"Ulimwahidi."

"Mama Divine, najua." Akatazama mikono yake. "Nilijaribu. Nilifungua mudomo ndani ya iyi nyumba, nikafikiria jirani, nikafikiria wale waaskari. Sauti ikakataa. Sasa imekaa hapa." Akagusa kifua. Mchungaji akaomba, tukaondoka.

Mwezi wa kumi na moja boti zilirudi kazini, nyangumi wa mwisho wakipita kurudi kusini na watoto wao. Jioni moja Mzee aligonga kwangu. Alikuwa amekonda, jaketi la kazi linaning'inia.

"Jumamosi uko na shifti?"

"Sina."

"Twende uone nyama isiyolika. Nafasi ya mutu wa nyumbani iko wazi."

Nikakubali. Jumamosi tukapanda treni asubuhi, yeye na eski yake mapajani. Nikamwuliza eski ya nini, safari za nyangumi hazina vichwa. Akasema tutaona.

Bahari ilikuwa kali kidogo kule nje ya bandari, ukishayapita majabali. Mzee aligawa peremende za tangawizi, akashika ndoo kwa waliohitaji, jaketi la kuokolea limefungwa mpaka kidevuni. Kisha kapteni akatangaza kwamba kuna mama na mtoto upande wa kulia, na watu wote wakakimbilia ukingoni na simu zao. Mzee akaja akasimama karibu yangu. Hakutazama maji. Alisema polepole, "Sasa wataanza kupiga kelele. Wakipiga, Mama Divine, usiniache peke yangu."

Sikuelewa. Kisha yule mnyama akaruka. Mwili mzima ulitoka majini, mweusi, mkubwa kupita akili, ukaanguka na kishindo, na boti nzima ikapiga yowe. Na ndani ya yowe lile Mzee akafungua mdomo.

Kilikuwa kilio. Kilio cha kwetu, kile nilichokingoja ukutani. Alimwita mke wake kwa jina. Jina hilo nimelijua siku hiyo na sitalitaja hapa, ni lake. Alimwuliza umeniachia nani, umeniachia nani kwenye nchi hii ya chumvi. Aliinama akashika chuma cha ukingo kwa mikono miwili, na mimi nikaweka mikono kichwani, nikalia. Nililia kwa sauti yangu yote, sauti iliyozimwa kwenye simu, nikamwita Mama, nikamwambia soksi mumewe bado anazivulia nje. Hakuna aliyegeuka. Kila mtu alikuwa anapiga kelele zake.

Kelele zikapungua. Mzee akafunga mdomo, akafuta uso kwa mkono wa jaketi, akangoja. Nyangumi akaruka tena, watu wakapiga yowe tena, nasi tukalia tena. Mara nyingine alikuwa mtoto, anaruka vibaya, anaanguka ubavu, na watu wanacheka na kushangilia, nasi tunalia. Sijui ilikuwa muda gani. Mwishowe mama na mtoto wake wakazama, wakaenda zao. Mwanamke mmoja wa Kizungu, macho mekundu, akamgusa Mzee begani, akampa tishu. Akamwambia hata yeye nyangumi wanamliza kila mwaka.

Mzee akapokea. Akamjibu kwamba ndiyo, ni wakubwa sana.

Tuliporudi gatini alimaliza kuosha sitaha, tukakaa kwenye benchi, abiria wanatupita na picha zao. Akafungua eski. Ndani, juu ya taulo, palikuwa na sufuria iliyofungwa vizuri, upawa, na sahani mbili. Vichwa. Alikuwa amevinunua dukani Merrylands, mara ya kwanza katika maisha yake hapa, akavipika alfajiri, vimeshapoa. Akanyoosha mkono achukue upawa anipakulie, kama alivyozoea.

Nikauwahi. Nilimpokonya kabisa, akanitazama. Nikampakulia kichwa kikubwa na mchuzi wake, nikashuka kwenye benchi, nikachuchumaa mbele yake pale kwenye saruji, watu wakituzunguka kupita.

"Kula, Mzee," nikamwambia. "Umelia vizuri."

Akapokea sahani kwa mikono miwili, akala.